Chungwa Nalo Je?

Kinyozi alirudi kutoka kwa daktari wa meno akiwa na binti yake mgongoni, shavu la mtoto limevimba, jino limebaki huko huko. Maneno ya daktari yalikuwa yakimzunguka kichwani kama nzi: sukari ya kuongezwa isizidi vijiko sita vya chai kwa siku, ikipungua zaidi ni heri. Alikuwa ameitikia "sawa sawa" kwa sauti ya mtu aliyeelewa. Kumbe hakuelewa kitu. Ya kuongezwa na nani? Juu ya nini?

Jikoni alimkuta mama mkwe wake akikoroga uji wa mtoto.

"Mama, humo unatia vijiko vingapi?"

"Vijiko? Mimi natia kwa mkono, baba."

Akamwomba achote kama kawaida, kisha akaupima ule mkono kwa kijiko. Vinne! Akageuza boksi la juisi ya mtoto: sukari gramu ishirini. Sasa gramu na kijiko vinajuana vipi? Mkewe akamwambia kijiko kimoja ni kama gramu nne. Kinyozi akajumlisha, akajishika kiuno. Kwa uji na juisi ya asubuhi tu, mtoto hajafika hata shuleni, tayari amepitiliza.

Basi akapiga marufuku kila kitamu. Biskuti, juisi, ndizi, machungwa, hata maziwa, maana boksi lake nalo liliandikwa sukari. Ikabaki asali tu, kwa kuwa mama mkwe aliapa kwamba asali ni dawa, akawa anaimimina kwenye uji bila huruma.

"Baba, ndizi ni mbaya?" binti aliuliza.

"Ni tamu."

"Kwa hiyo ni mbaya?"

Kinyozi akakohoa, akajifanya anatafuta viatu.

Siku ya tatu mwalimu alipiga simu. Kinyozi akamwacha mteja kitini, kichwa nusu, akakimbia. Alimkuta binti yake amejikunyata kwenye kona ya darasa, macho mekundu. Alikuwa amempokonya mwenzake chungwa akalitupa dirishani, huku akipiga kelele kwamba atang'olewa meno yote.

"Nilikuwa namwokoa," alisema kwa kwikwi.

Kinyozi akachutama mbele yake, akamfuta machozi. Akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Tunda zima halimo kwenye hesabu," daktari alisema. "Wala maziwa matupu. Hiyo ni sukari yao ya asili."

"Na asali?"

"Asali imo."

"Asali imo, chungwa halimo?"

"Na juisi mimi huihesabu, hata ukiikamua mwenyewe."

"Ya chungwa hilo hilo?"

"Hilo hilo."

Kinyozi alimtazama daktari, akamtazama mtoto, akakuna kisogo. Kuelewa, hakuelewa yote. Lakini alijua ametia hofu pasipohitajika.

Nyumbani alimenya chungwa, akampa binti kipande. Mtoto akafumba mdomo kabisa.

"Anza wewe," alisema kupitia pembeni mwa midomo.

Kinyozi akala. Binti akamtaka afungue mdomo, akachungulia jino moja moja kwa kidole kilichonuka kalamu za rangi. Meno yalikuwepo yote. Ndipo akachukua kipande chake, akakinusa, akakiramba, akasubiri kidogo aone kitakachotokea.