Kikopo cha Ugoro

Faustina alikuwa na hamu moja tu: akimbilie basi tena. Pale Ilula basi likisimama, anayeuza ni yule anayefika dirishani kwanza akanyanyua ndoo ya nyanya juu kabisa, abiria azione. Enzi za usichana wake hakuna aliyemtangulia. Sasa matiti yalikuwa yamemwelemea. Yalimvuta shingo, sidiria ikamchimba mifereji mabegani, na chini yake ngozi ikawa inachubuka kila jua likiwaka. Mabasi yalimkuta amekaa, yakamwacha amekaa.

"Wenzako wanatamani wapewe, wifi, wewe unakwenda kurudisha!" Frida, dada wa mumewe, alimtania njia nzima mpaka hospitalini Mbeya, walikokwenda kuyapunguza. Lakini begi alibeba yeye.

Daktari Ahmadi hakumficha kitu. "Tutatoa nyama na mafuta, chuchu tutazipandisha. Makovu yatabaki, mama. Chuchu zinaweza kufa ganzi. Na ukizaa tena, maziwa huenda yasitoke."

"Kitinda mimba wangu ana ndevu, daktari."

"Haya. Unavuta sigara?"

"Mimi? Hata kuishika sijawahi."

Na kweli hajawahi.

Asubuhi ya upasuaji, ameshavaa gauni la wodini, baridi ya Mbeya ikamwingia mifupani. Akafanya kama anavyofanya kila siku akingoja basi la kwanza: akafungua kikopo chake, akabana ugoro kwa vidole viwili, akavuta puani. Chafya ikasikika mpaka koridoni. Daktari akachungulia.

"Nini hicho, mama?"

"Ugoro tu, baba. Unachangamsha macho."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza sigara. Huu hauna moshi. Bibi zetu wote wanautumia, na makanisani wanaingia nao."

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda. "Tumbaku ni tumbaku, mama. Inabana mishipa, damu haifiki kwenye kidonda. Chuchu inaweza kuoza yote. Na kosa ni langu pia, sikuuliza vizuri. Leo sikukati. Kaa wiki sita bila ugoro, ndipo urudi."

Faustina hakulia mpaka alipolivua lile gauni.

Basi la kurudi nyumbani liliposimama Ilula, alikuwa amekaa dirishani. Binti mmoja akawapita wenzake wote, ndoo juu, mgongo umenyooka kama mchi. "Mama, nyanya! Nyanya za leo!" Faustina akamwangalia mpaka binti akaona haya.

Waliposhuka, alimpa Frida kile kikopo.

"Nikutunzie?"

"Katupe chooni. Nisikuone umekirudisha."

"Na pua ikiwasha?"

"Iwashe."

Honi ya basi lingine ikalia kule mlimani. Wauzaji wakainuka kwa kishindo, na miguu ya Faustina ikashtuka yenyewe. Akaizuia. Mkono nao ukaenda mfukoni, ukakuta mfuko mtupu. Pua ilimwasha vibaya sana. Akaifuta kwa khanga, akaendelea kuwatazama wanaokimbia.