Aliyesahau Kusema Ametua

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na Kepteni mwenyewe halipingi hilo hata kidogo. Alitua vizuri mno. Magurudumu yaligusa changarawe kama mtu anayeweka kikombe mezani na mtoto amelala chumba cha pili, na furaha ya kutua vile ndiyo iliyomsahaulisha kupiga simu.

Jina la Kepteni walimpa kwa kumtania, enzi akiosha ndege pale pale kwenye chuo cha urubani. Aliosha miaka minne kabla ya kuruhusiwa kukaa kwenye kiti cha rubani. Sasa alikuwa amerudi kutoka safari ndefu ya peke yake, ya mwisho kabla ya mtihani wa leseni, na alitaka mtu wa kumwambia. Mwalimu alikuwa amekwenda mjini kufuata tairi. Karani alikuwa kwenye chakula. Akampigia dada yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Dada akasema, "Niko kwenye foleni, baba, nitakupigia," akakata. Kepteni akanunua soda, akainywa amesimama kando ya ndege, kisha akarudi kwenye chumba chake cha kupanga na kulala.

Chuo hakikuwa na mnara wa kuongozea ndege. Mnara ulikuwa kwenye uwanja mkubwa, ng'ambo ya mji, na kila aliyetua chuoni alitakiwa kuupigia kwa simu ya ukutani aseme neno moja tu: nimetua. Hapo safari yake inafungwa kitabuni. Nusu saa ikipita bila simu, mnara unapaswa kuanza kumtafuta: kwanza kuulizia viwanjani, kisha polisi, kisha kutuma ndege nyingine. Mwalimu aliwaimbia wanafunzi jambo hilo kila asubuhi, mpaka wengine wakawa wanaliota.

Kesho yake karani alimpandisha Kepteni kwenye mizani, kama wanavyopimwa wote kabla ya kuruka. Mizani ikasoma sifuri. Karani akaandika sifuri.

"Kaka, wewe bado uko juu," alisema. "Mnara wamepiga asubuhi kunijulisha."

Kepteni akaenda kwenye simu ya ukutani. Mwongozaji wa zamu, mama wa makamo ambaye marubani wote walimwita Mama Mnara, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Siwezi kuifunga safari yako, mwanangu. Alfajiri umeripoti. Uko futi elfu nne na mia tano, unalizunguka bwawa. Jana tangu mchana ulikuwa kimya, nikadhani umechoka."

Akasogeza simu kwenye redio ili Kepteni asikie. Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na kile kikohozi kidogo anachokohoa kabla ya kutaja namba.

Sheria hairuhusu rubani mmoja kuwa angani mara mbili, kwa hiyo mwalimu akalifuta jina lake kwenye ratiba. Ndege yenyewe ilikuwa chuoni, wenzake wanairusha kwa zamu, na Kepteni, kwa kukosa shughuli, akarudi kuiosha. Alipotembea kwenye changarawe viatu vyake havikuacha alama. Kila jioni ndege ile ile ilipita juu ya chuo ikiwa na taa zake, na wanafunzi wakaizoea: ikipita, wanakunja viti wanaondoka. Karani aliendelea kumjazia saa za kuruka. Kufikia siku ya kumi na tisa zilikuwa mia nne na hamsini na kitu, na mwalimu akaanza kumsalimia kwa adabu zaidi kuliko zamani.

Dada alipiga mara moja. "Nasikia hujashuka."

"Niko hapa chumbani, dada. Nimekaa kitandani."

"Haya. Ukishuka niambie."

Tatizo lilikuwa mtahini. Alikuwa anakuja Alhamisi, na akiondoka harudi mpaka baada ya miezi minane. Mtu aliye angani hawezi kutahiniwa.

"Jishushe kabla ya Alhamisi," mwalimu alimwambia. "Ukishindwa, ndoo unaijua ilipo. Kiti chako kina watu kumi wanakisubiri."

Jumatano alasiri Kepteni akapanda ngazi za mnara. Mama Mnara alikuwa ameweka chupa ya chai juu ya rundo la fomu za kutafutia ndege, safi kabisa, hata ya juu haijaguswa na kalamu. Akamvutia kiti, akampa kipaza sauti.

"Habari za huko juu?" Kepteni aliuliza.

"Njema. Upepo mdogo tu. Za huko chini?"

"Mafuta yakoje?"

"Mshale haujasogea."

"Basi shuka, bwana. Mtahini anakuja kesho."

"Sishuki."

"Nimeosha ndege miaka minne kwa ajili ya mtihani huu."

"Unanihadithia mimi? Vidole vilivyopasuka kwa sabuni ndivyo hivi ninavyoshikia usukani."

Mama Mnara akaandika kitabuni saa ya mazungumzo, akajimiminia chai.

"Unaniaibisha," Kepteni alisema. "Mtu mzima na akili zako, unazunguka kama nzi kwenye taa. Kosa langu ni simu moja. Nimekosa, nisamehe, yaishe. Unataka nini tena?"

Redio ilikwaruza kidogo. Kisha kikasikika kile kikohozi.

"Mchana ule mzima na usiku kucha sikusema neno, nione nani atanitafuta. Hata wewe ulikunywa soda ukaenda kulala."