Kilomita Kumi na Nane za Akiba

Jumamosi saa tisa alasiri, baada ya vyombo kuoshwa na meza kufutwa mara mbili, Mama Pindo alitandaza ramani ya barabara juu ya meza ya kulia, akakandamiza pembe tatu kwa vikombe na pembe ya nne kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa. Ramani ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa miaka mingi hata ikatoboka kwenye mikunjo. Meza nayo ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha ndara, kwa hiyo aliyeegemea meza aliitikisa nchi nzima.

Safari ilikuwa ya siku nne. Wangezuru viwanja vitatu vya vita vile vya zamani: cha kwanza darajani, cha pili mlimani, cha tatu kwenye kivuko cha mto. Mkwe wake, dereva wa basi la shule, mtu asiyeweza kutoka nyumbani bila kuandika kila kituo, alikuwa ameongeza na mambo ya karibu karibu: maporomoko ya maji, shamba la mamba, na chemchemi ya maji moto. Chemchemi ilikuwa ya mkewe. Mkewe alikuwa binti pekee wa Mama Pindo, muuguzi wa wodi ya wazazi, na alichotaka ni kukaa ndani ya maji mpaka shingoni bila mtu kumwita.

Mama Pindo hakuwa na haja na mamba. Alikuwa na miaka sabini na sita, na alitaka kitu kimoja tu: kufika kivukoni, kwenye ule ukuta wenye majina ya waliokufa, aweke kidole juu ya jina la baba yake. Baba alichukuliwa kubebea jeshi mizigo wakati mama yake ana mimba ya miezi saba. Hakurudi. Hakuja mtu kusema amekufa, wala hakuja mtu kusema hajafa.

"Mama, hesabu zetu zimegombana," mkwe alisema, akikuna kisogo kwa kalamu. "Mimi napata kilomita mia nne na kumi na mbili. Wewe unasema mia nne na thelathini. Hizo kumi na nane umezitoa wapi?"

"Nimezipima."

"Kwa uzi?"

"Uzi nimeushika miaka hamsini. Leo wewe wa usukani ndio unifundishe?"

Mama Pindo alikuwa akiulaza uzi juu ya barabara, akiuzuia kwa pini kila penye kona, kisha akiukata na kuupima kwa futi yake ya kitambaa. Binti yake akainama, akatazama nyuzi zilizokatwa, akaanza kucheka mpaka akashika ubavu.

"Mama, umeacha akiba ya mshono!"

Ilikuwa kweli. Kila kipande cha barabara alikuwa amekiongezea kidogo huku na kidogo huku, kama anavyofanya kwenye kila gauni tangu alipoanza kazi, ili pabaki pa kushonea. Mkono ulikuwa umefanya wenyewe. Mama Pindo hakubisha. Alichukua mkasi akapunguza nyuzi zote, na hesabu ikarudi mia nne na kumi na mbili.

Tatizo ni kwamba ramani ilikuwa imekwisha kuufuata uzi. Kati ya mlima na kivuko karatasi ilikuwa imeongezeka upana wa kidole gumba. Akiba yote ilikuwa imejikusanya mahali hapo, kama kitambaa kinavyojikusanya chini ya sindano, na kikombe cha upande wa mashariki kilikuwa kimesukumwa hadi ukingoni mwa meza. Karatasi ile mpya ilikuwa safi, haina mkunjo. Ilikuwa na kijia kimoja chembamba, hakuna jina la kijiji, hakuna kituo cha mafuta.

"Sasa hapa mtu anapita kwa mwendo gani?" mkwe aliuliza. Akaandika kwenye daftari lake: *km 18, hazijulikani*. Akapiga mstari, akaufuta, akaupiga tena.

Saa kumi na moja na robo walisikia hodi.

Mlangoni alisimama kijana wa miaka kama ishirini na sita, miguu peku, vumbi hadi magotini, na sanduku la mbao kichwani. Sanduku lilikuwa limepigwa misumari pande zote na kuandikwa namba 2207 kwa rangi nyeusi. Alipiga goti kidogo ili lipite chini ya kizingiti, kama mtu aliyepita milango mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekaribia. Samahani, hapa ndipo pa kupokelea?"

"Kupokelea nini?"

"Mzigo," alisema, na kwa kuwa hakuweza kuonyesha kwa kichwa, alionyesha kwa kidole. "Nimeambiwa nisiutue mpaka afisa aupokee kwa sahihi. Mlimani wakaniambia afisa yuko kivukoni. Kivukoni wakaniambia yuko mlimani. Nimekwenda na kurudi mpaka nimefanya njia. Leo ile njia imeishia hapa kwenu."

Mkwe alitazama ramani, akamtazama mgeni, akaandika tena kwenye daftari: *kwa miguu*.

Walimkaribisha kiti. Alishukuru, akasema akikaa itakuwa taabu kusimama. Basi wakampa chai akainywa wima, taratibu, bila kuinamisha kichwa, akikiinua kikombe mbali mbele ya uso kabla ya kukileta mdomoni. Binti, kwa mazoea ya kazi, alimzunguka akamkagua shingo.

"Hii shingo inataka kupumzishwa," alisema. "Wiki tatu, si chini ya hapo."

"Nikishapokewa, dada."

"Vita vimekwisha, lakini," mkwe alimwambia kwa upole, kama anayempa mtu habari ya basi lililoondoka.

"Nilisikia kimya," kijana alisema. "Ila hakuna aliyenipokea."

Mama Pindo alikuwa akimtazama mabega. Mama yake, marehemu, alikuwa amemwachia shati moja la baba, na kutoka shati hilo alijifunza kukata. Ndilo lililokuwa kigezo chake cha kwanza: bega inchi kumi na saba na nusu, mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa inchi moja na robo. Katika miaka hamsini alikuwa amepima wanaume wasio na idadi, na hakukutana tena na mkono wa namna ile.

"Hebu simama vizuri," alisema, akivuta futi shingoni mwake.

"Nimesimama, mama."

Akampima bega. Kumi na saba na nusu. Akampima mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akapima tena wa kushoto.

"Nyumbani umemwacha nani?"

"Mke. Anauza vyungu. Ana mwanya hapa mbele, na tumbo la miezi saba."

Mama Pindo alikunja futi yake taratibu, akaiweka mfukoni. Kilichomsumbua kwa wakati ule kilikuwa salamu. Alikuwa ameitikia marahaba kwa mtu ambaye ilimpasa kumwamkia. Alifikiri kidogo, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Shikamoo, baba," alisema.

Kijana aligeuza mwili mzima, sanduku na yote, kutazama nani ameingia nyuma yake.

Iliwachukua hadi magharibi kupanga nani amwite nani nani. Binti alikuwa na miaka arobaini na minane, na hakuona atamwitaje babu mtu ambaye angeweza kuwa mwanawe. Mkwe ndiye aliyeona njia rahisi. "Mimi na wewe ni watani, babu," alisema. "Nikikuambia umechelewa kurudi nyumbani, usikasirike."

"Nimechelewa kidogo," kijana alikubali.

Mama Pindo alimwambia habari zote kwa mpangilio: mimba ilikuwa ya mtoto wa kike, mama yake aliishi mpaka uzeeni, hakuolewa tena, vyungu aliviacha mikono ilipoanza kutetemeka. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule wa tumboni ni wewe, mama."

"Ni mimi, baba."

"Umekua," alisema.

Jumapili alikaa nao. Alisimama jikoni, kati ya jokofu na dirisha, mahali ambapo dari ilimruhusu. Alimenya vitunguu kwa kuvishika usawa wa kifua, na machozi ya vitunguu yakamtiririka bila yeye kuweza kuinama kuyafuta. Mama Pindo alimfuta kwa ncha ya kanga.

Jumatatu saa tatu asubuhi walipiga simu kwenye ofisi ya uwanja wa kivukoni. Namba ilikuwa kwenye kijitabu cha watalii, chini ya picha ya ukuta. Aliyepokea alijitambulisha kuwa ndiye mtunza uwanja, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwema mwenye mafua.

"Tunakuja Jumamosi," Mama Pindo alisema. "Nataka kujua jina la baba yangu liko upande gani wa ukuta, nisisumbuke kutafuta."

"Alikuwa askari, mama?"

"Mpagazi."

Upande wa pili mtu alipenga kamasi.

"Ukuta wetu una majina mia tatu na kumi na moja ya askari," mtunza alisema. "Na farasi wawili wa maafisa. Kuna na mbwa. Wapagazi wameandikwa kwa jumla, mama. Chini kabisa, pale karibu na majani. Imeandikwa: *na wapagazi*."

"Walikuwa wangapi?"

"Haikuandikwa wangapi."

Mama Pindo alihamisha simu sikio la pili, kama kwamba sikio lile lingepata jibu jingine. "Basi sikiliza, mwanangu. Yeye mwenyewe ninaye hapa. Yuko jikoni na mzigo wake, anataka kupokewa."

"Mzigo namba ngapi?"

"Elfu mbili mia mbili na saba."

Walisikia kurasa zikifunuliwa, nyingi, moja moja. "Ninao!" mtunza alisema, na kwa mara ya kwanza alichangamka. "Huu hapa. Vyombo vya kunyolea vya afisa, na kioo kimoja. Umeandikwa kuwa umepotea. Tumeutafuta sana, mama, una nafasi yake kabisa kwenye kabati letu la vioo."

"Basi tutamleta autue hapo, umwandikie sahihi."

"Hapo sasa pana kizuizi. Nikipokea mzigo lazima niandike umetoka kwa nani. Mzigo ninao kwenye daftari. Mtu sina."

"Mtu yuko hapa, nakwambia. Anamenya vitunguu."

"Sikatai kwamba yuko, mama. Nasema hayuko kwenye daftari."

"Sasa mwandike."

"Daftari lilifungwa vita vilipokwisha," mtunza alisema, na alionekana kuumia kweli. "Lakini karibuni sana Jumamosi. Wazee tunawaingiza bure."

Mama Pindo aliweka simu chini, akakaa nayo mkono juu yake. Alijaribu kuyapanga yale aliyoyasikia. Kila neno peke yake alilielewa. Yakikaa pamoja yalimponyoka. Kisha akaenda kuchukua kalamu ya mkwe, akarudi jikoni, akamwambia baba yake: "Nitakuwekea sahihi mimi. Nilisoma mpaka darasa la saba, jina langu naliandika vizuri."

Kijana aliitazama kalamu kwa hamu, jinsi mtu anavyotazama maji.

"Wewe si afisa, mama," alisema. "Nikitua bila afisa, ni viboko ishirini na tano. Nimeviona."

"Nani wa kukupiga sasa? Wote wamekufa."

"Na mimi pia nimekufa," alisema, "na bado naubeba."

Mama Pindo akairudisha kalamu kwa mkwe.

Mipango iliendelea, kwa kuwa likizo ya binti ilikuwa imekwisha kukubaliwa na gari lilikuwa limekwisha kuazimwa. Mkwe alimsimamisha babu kando ya gari, akapima, akafungua mlango wa mbele, akapima na wa nyuma. Hakuingia. Walifikiri kumpandisha juu ya paa, lakini barabarani kuna madaraja ya chini. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema angetangulia kwa miguu, na njia anaijua.

"Ukiondoka Jumanne, Jumamosi utakuwa umefika kwenye kile kijia?" mkwe aliuliza.

"Nitakuwa hapo. Huwa niko hapo."

Mkwe alifuta shamba la mamba. Mahali pake aliandika: *Siku ya tatu, saa nne, babu, njiani*. Kijana akaomba, kama si usumbufu, watakapofika kwenye maporomoko wamwangalizie kama pana sehemu nzuri ya kuogea.

Jumanne alasiri alikuwa tayari kuondoka. Mama Pindo alimzunguka kumtazama mara ya mwisho, ndipo alipoona kwamba ngata iliyo chini ya sanduku ilikuwa imelika hadi imebaki kama kamba ya kiatu, na ubao umekaa juu ya fuvu. Alitoa kwenye kapu lake la vipande kitambaa cha pamba, kile kizito cha mapazia, akakikata, akakisokota, akakijaza sufi, akakizungushia mshono wa mkono, mishono midogo midogo iliyofuatana kama mchele. Kazi ilichukua dakika arobaini, na kijana alisimama akisubiri bila kuuliza.

"Njooni mnisaidie," Mama Pindo aliita.

Mkwe alishika upande mmoja wa sanduku, binti upande wa pili. Lilikuwa zito kuliko walivyodhani kwa vyombo vya kunyolea na kioo. Walihesabu tatu, wakaliinua upana wa kiganja.

Kijana alifumba macho. Mabega yake yalipanda yenyewe, shingo ikachomoza kutoka ilikokuwa imedidimia, na alirefuka inchi mbili kamili; Mama Pindo aliziona kwa jicho, bila futi. Utosini palikuwa na duara lisilo na nywele, laini, pana kama kisahani. Aliliwekea kiganja. Lilikuwa na joto.

"Tukae hivi kidogo," binti alisema.

"Haraka, mama," kijana alisema, macho bado yamefumbwa. "Haujapokewa."

Mama Pindo aliweka ngata mpya, akaikandamiza pande zote mpaka ikakaa sawa.

"Mrudishieni," alisema, na wakamrudishia.