Ndoo Moja ya Chokaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya mechi, mtunza uwanja alifungua stoo akatoa kigari cha kuchorea mistari, vigingi viwili, kamba yenye mafundo na ndoo moja ya chokaa. Alimimina maji, akakoroga kwa mpini wa fagio mpaka bega likauma. Chokaa ilikuwa nyepesi. Uwanja wa raga una mistari mingi kuliko wanavyodhani wanaoutazama wakiwa wamekaa, na ndoo moja haiumalizi hata uikoroge kwa maombi. Alichomeka kigingi cha kwanza kwenye kona, akafunga kamba. Mke wake akachukua ncha ya pili, akatembea nayo mpaka kona ya mbali, akainama kuifunga kwenye kigingi chake.

Mke alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita.

"Kushoto kidogo," alisema mume.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu."

"Useme basi. Miaka ishirini na sita, mtu hajui kusema kushoto ni kwa nani."

Mistari ya uwanja haichorwi na mtu mmoja. Mmoja anashika kamba, mwingine anasukuma kigari. Mke alikuwa na jicho la kunyoosha, ndiyo maana wachezaji wote walimwita Mama Mistari. Alipokufa, mtunza uwanja alifanya kazi peke yake miezi miwili, akikimbia kutoka kigingi hadi kigingi, na mistari ikatoka imepinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea. Marefa walilalamika. Akamwomba mtu amwandikie barua kwa chama cha raga, kwamba anahitaji mwenzake wa kazi. Barua ikiwa bado inazunguka mezani, Mama Mistari akarudi. Alitokea asubuhi moja pale pale alipoangukia, akauliza kamba iko wapi.

Mwenyekiti wa chama alipita siku hiyo na kikombe chake cha kahawa mkononi. Akamwona.

"Si huyu hapa?" alisema. "Sasa barua ya nini?"

Akaichana. Jina la Mama Mistari lilikuwa limeshafutwa kwenye daftari la wafanyakazi na halikurudishwa, kwa sababu daftari lile ni la watu walio hai. Kazi tu ndiyo iliyorudishwa.

Kufa kwake kulikuwa hivi. Vumbi la chokaa lilimkaa kifuani miaka mingi. Siku moja ya mechi pumzi ikakata, akaanguka karibu na mlingoti wa goli. Sheria ya mashindano inasema gari la wagonjwa liwepo uwanjani muda wote, na mkaguzi alikuwa amelikuta lipo, akaweka alama ya vyema kwenye fomu yake. Mkaguzi alipogeuza mgongo, gari likatoka kwa geti la nyuma kwenda kubeba viti vya harusi ya binti wa Mwenyekiti. Mama Mistari alilala kwenye nyasi dakika hamsini. Mwishowe walimpakia kwenye toroli la kubebea majani, mume akashika miguu, na mchezaji mmoja aliyeitwa Tofali akasukuma. Tofali alikuwa na kilo mia na ishirini na siku za kazi alipakia mifuko ya saruji. Alisukuma kwa nguvu zake zote, lakini Tofali hajawahi kuwa na mbio. Wakafika getini, na safari ikaishia hapo.

Sasa, tangu arudi, chokaa ya Mama Mistari ilikuwa na tabia zake. Mstari ukiwa mzito, ulimsikia. Aliwahi kuuvuta mstari wa pembeni hatua moja ili usipite juu ya nyumba ya sisimizi, na sisimizi wakaendelea na shughuli zao. Aliwahi pia kumchorea mbwa wa mlinzi duara zito, kwa utani tu, na mbwa akashindwa kutoka siku mbili, mpaka mvua iliponyesha. Mlinzi alikuwa akimpelekea maji.

Duara hilo ndilo mtunza uwanja alilokuwa akiliwaza tangu alfajiri. Jioni ile walikuwa wanakuja mabingwa wa dunia. Timu ya nyumbani ilikuwa imeshapigwa mechi zake zote za mashindano, ya mwisho sitini na mbili kwa tatu, na vijana walikuwa wanarudi kazini na nyuso zimevimba. Mtu angeumia. Hilo halikuhitaji mganga.

"Tulichoree gari la wagonjwa kijumba chake," alimwambia mkewe. "Kizito. Likiingia lisitoke."

Mama Mistari akachungulia ndani ya ndoo.

"Kwa hii? Haya ni maji ya mchele. Nipe ndoo ya pili nitakufungia hata Mwenyekiti mwenyewe."

Mtunza uwanja akaenda stoo. Mtunza stoo alikuwa amekaa mbele ya ndoo kumi na tatu zilizopangwa vizuri, akasema hana ruhusa, lete sahihi. Akaenda kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anajaribu tai mbele ya kioo, nyekundu na ya bluu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Naomba ndoo moja ya chokaa juu ya ile."

"Marahaba. Ya nini, mzee? Mechi zote si tumecheza na ndoo moja?"

"Tumefungwa zote."

"Kwa sababu ya chokaa?" Mwenyekiti akacheka, akamtazama katibu wake ili naye acheke. Katibu akacheka. "Mzee wangu, hao wanakuja kutupiga hamsini. Unataka wakapigie hamsini kwenye mistari mizuri?"

"Ni ya gari la wagonjwa. Lisitoke leo."

"Litakuwepo."

"Hata siku ile ulisema litakuwepo."

Mwenyekiti akavua tai nyekundu. "Ile ilikuwa harusi," alisema. "Usichanganye mambo."

Alirudi mikono mitupu. Saa nne mkaguzi wa mashindano akaja na fomu zake, akasema mistari ya magoli ionekane kwenye televisheni, iwe myeupe, minene, la sivyo mechi haichezwi. Basi chokaa nzito yote ikaenda kwenye mistari ya magoli. Kijumba cha gari wakakichora na kilichobaki baada ya kusuuza ndoo. Kilionekana ukisimama upande wa jua.

Tofali alifika mapema kuliko wenzake, maana ilimchukua muda kujifunga magoti. Alikuwa na miaka sita kwenye timu ya taifa na hajawahi hata siku moja kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Kazi yake ilikuwa kusukuma na kukandamizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tofali langu. Leo utavuka?"

"Nikivuka je?"

"Nilishakuambia tangu niko hai. Ukivuka, chai ya maziwa, chupa nzima, yako peke yako."

"Mama, mimi na ule mstari hatujuani. Nauonaga kwa mbali tu, kama nyumba ya bosi."

Mtunza uwanja yeye alikwenda kwa dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa ameshaegesha ndani ya kijumba na kufungua redio.

"Leo usitoke, mwanangu."

"Mzee, mimi nina usukani tu," alisema dereva. "Mguu wa mafuta ni wa Mwenyekiti."

Saa tisa mkaguzi akalikuta gari lipo, akaweka alama ya vyema. Saa tisa na robo Mwenyekiti akapiga simu kwamba viti vya tafrija ya wageni vimekwama mjini. Dereva akatoa machela ili viti vipate nafasi, akaiegemeza kwenye ukuta wa choo, akawasha gari. Magurudumu ya mbele yalisita kwenye chokaa kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha yakavuka. Mama Mistari alikuwa amesimama karibu, mikono kiunoni.

"Nilikwambia maji ya mchele," alisema.

Mechi ikaanza. Mabingwa walikuwa watu wakubwa, wenye afya, ambao tangu utotoni walikuwa wamepewa nyama na daktari wa meno. Wakatangulia kwa pointi kumi na saba kabla wenyeji hawajashika mpira. Halafu, kwa sababu ambazo magazeti yalizieleza baadaye kwa maneno mengi, wenyeji wakaanza kuwaangusha. Waliwaangusha mmoja mmoja, wakaamka, wakawaangusha tena. Kufikia mapumziko mabingwa walikuwa wanatazamana. Zikiwa zimebaki dakika mbili matokeo yalikuwa ishirini kwa kumi na saba, mabingwa mbele kwa pointi tatu, na watu wote uwanjani wamesimama, hata wale waliokuja kwa ajili ya kivuli.

Mpira ukamwangukia Tofali. Hakuwa ameuomba. Mbele yake hapakuwa na mtu, jambo ambalo halijawahi kumtokea, akaanza kukimbia kwa mwendo wake ule wa mtu mwenye mfuko wa saruji begani. Mabingwa watatu wakamfikia. Wa kwanza akashika jezi, wa pili kiuno, wa tatu akaruka juu ya shingo. Tofali akaenda nao wote watatu, hatua nne, tano, kisha akaenda chini amenyoosha mikono, mpira viganjani. Zilibaki hatua mbili.

Mama Mistari alikuwa kwenye kona na kamba yake. Aling'oa kigingi, akapiga hatua mbili kuingia uwanjani, akakichomeka. Mstari ukaja naye upande mzima, kama mtu anavyovuta shuka kumfunika aliyelala, ukapita chini ya mikono ya Tofali, ukatulia. Chokaa ilikuwa nzito pale. Ikashika.

Refa alitazama mpira, akatazama mstari. Akauliza watu wa video. Watu wa video wakarudia picha mara nne, wakajibu kwamba mpira uko juu ya mstari. Kuhusu mstari kutembea hawakuulizwa. Nahodha wa mabingwa alisogea, akamwona marehemu amesimama na nyundo yake ya vigingi, akamwinamia kichwa kidogo kwa adabu, akaenda kuwakusanya wenzake. Pointi tano. Ishirini na mbili kwa ishirini. Kipenga.

Hapo uwanja ulimwagika ndani ya uwanja. Watu walilia, wakabebana, viatu vikapotea. Iliwachukua muda kugundua kwamba Tofali hajaamka.

"Miguu siioni, mzee wangu," alisema Tofali, mtunza uwanja alipopiga magoti karibu naye. Hakumaanisha kuiona, ilikuwa pale pale, mirefu, imetulia.

"Usigeuze shingo."

"Nilivuka?"

"Ulivuka."

"Si mnaona. Mwambie mama achemshe."

Mtunza uwanja alikwenda kwenye kijumba. Palikuwa na alama za magurudumu na doa la oili. Machela ilikuwa kwenye ukuta wa choo, lakini turubai lake lilikuwa limechanika katikati kwa miaka, na Tofali akapita katikati. Wakaleta toroli. Lilikuwa lile lile. Kilo mia na ishirini hazienei kwenye toroli la majani. Miguu ikawa inaburuza. Vijana kumi na wanne walisukuma, wengine bado wamevaa vilinda meno, huku umati ukiwapigia makofi kwa kudhani ni sehemu ya sherehe.

Mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti. Alikuwa amechagua tai ya bluu.

"Wenzetu wana madaktari kumi!" alisema. "Wana mashine, wana vifaa vya kila aina! Sisi tuna nini? Tuna moyo! Leo dunia imeona kwamba moyo unatosha!"

Wakati huo moyo wa Tofali ulikuwa bado unapiga, karibu na ukuta wa tiketi. Ulifika getini pamoja na vijana, bado ukipiga. Gari la wagonjwa lilikuwa linaingia, king'ora kimewashwa ili watu wapishe viti, na dereva alipoliona toroli alizima king'ora, akashuka, akavua kofia. Alianza kushusha viti haraka haraka. Vilikuwa themanini. Alipofika cha thelathini mtunza uwanja akamwambia aache.

Serikali ilitoa siku ya mapumziko. Mwenyekiti alikwenda nje ya nchi kuwafundisha viongozi wa vyama vingine namna ya kushinda bila vifaa, akapokewa vizuri. Chama kilikaa kikao na kuandika kwamba, kwa kuwa mabingwa wa dunia walishindwa kwa ndoo moja ya chokaa, ndoo moja ndiyo kipimo. Moja ikaachwa stoo kwa mechi inayofuata, na zile nyingine kumi na mbili zilipelekwa kwa Mwenyekiti, aliyekuwa anapaka ukuta wa nyumba.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi nyingine. Saa kumi na mbili na nusu mtunza uwanja alifungua stoo. Walikuja wawili. Tofali alikuwa amevaa jezi yake yenye majani kifuani, na alipopewa kamba aliivuta ikanyooka vizuri kuliko siku zote, kwa sababu ya uzito wake.

"Kulia kidogo," alisema Mama Mistari.

"Kulia kwako au kwangu, mama?"

"Na wewe umeanza."

Walipomaliza mstari wa goli walikaa kwenye nyasi. Mtunza uwanja alikuwa amebeba chupa ya chai ya maziwa, maana marehemu hawezi kuwasha jiko na ahadi ilikuwa ahadi. Akammiminia Tofali kikombe kilichojaa. Chai ilipita ndani yake ikamwagikia majani. Tofali akasema ni tamu. Akaongezewa mpaka chupa ikaisha.

Mwenyekiti alipita na kahawa yake, akawahesabu kwa kidole.

"Sasa mko watatu," alisema. "Hongereni. Sitaki kusikia barua tena."

Kijumba walikichora mwisho, na maji ya kusuuzia ndoo. Tofali alikitazama sana, akakanyaga kanyaga pembeni yake kama anayejaribu sakafu. Saa tisa gari la wagonjwa likaegeshwa ndani. Mkaguzi akaja, akalizunguka mara moja, akapapasa mlango, akaweka alama ya vyema.

Dereva alikuwa hajazima injini.