Jina Kwenye Namba Kumi

Nilisoma jina la mwanangu mahali ambapo aliniahidi kwamba halitaandikwa tena.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1996, nyumbani kwetu Garissa. Fomu ya timu ilikuwa mezani, imewekewa bilauri ya chai juu yake ili upepo usiichukue. Abdimalik alikuwa ameijaza mbele ya macho yangu bila kuificha, kwani hakuona sababu ya kuificha. Alijua kwamba ninahudhuria masomo ya ngumbaru, lakini alidhani bado ninahangaika na herufi. Hakujua kwamba Mwalimu Maryan alikuwa ametumalizia kitabu cha pili. Niliisogeza bilauri, nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, nikasoma polepole: Kocha, Abdimalik Alio. Nikashuka mstari kwa mstari hadi mchezaji namba kumi. Abdimalik Alio.

Niliurudia mstari huo mara mbili, maana nilikuwa na haki ya kuogopa. Mwanangu alisomea ualimu katika chuo kimoja cha nyanda za juu, na huko alikuwa nahodha na mchezeshaji wa timu. Kila mpira ulipitia miguuni mwake kabla ya kwenda popote. Madereva wa malori ya mifugo waliniletea sifa zake hadi sokoni. Kisha, katika mchezo wake wa mwisho chuoni, goti la kulia likavunjika. Daktari aliyempasua alisema maneno machache: pigo jingine katika goti hilo, naye atatembea kwa mkongojo maisha yake yote. Abdimalik akaniahidi kwamba hatacheza tena. Akarudi kufundisha shule ya msingi, na jioni akakabidhiwa timu ya mtaa wetu.

Nitasema kweli ingawa ni mwanangu: alijua kucheza, hakujua kufundisha. Nilipokuwa nikitoka darasani nilimwona uwanjani. Kijana akikosea, Abdimalik aliingia mwenyewe katikati, akadai mpira, akautuliza, akautuma alikotaka. Wale vijana walisimama mikono kiunoni wakimtazama kama watu walioalikwa harusini. Katika kombe la mkoa walifungwa mchezo wa kwanza, wakafungwa na wa pili. Mwenyekiti wa timu, Mzee Hirsi, akatangaza mbele ya watu kwamba wakifungwa na timu ya Rhamu siku ya Jumamosi, atatafutwa kocha mwingine.

Jioni ile nilimwita hooyo, yaani mama, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao, nikamwuliza, "Hooyo, nani amekuandika namba kumi?"

Akaacha kula. "Nani amekusomea?"

"Macho yangu."

Uso wake uling'aa kidogo, halafu akainamisha kichwa. "Ni dakika ishirini tu, hooyo. Nikikaa nje hawajui la kufanya. Deeq ndiye aliyeshika nafasi yangu, na Deeq akipata mpira anautazama kama aliyeokota nyoka."

"Na goti?"

"Goti limepona, wallahi."

"Basi ruka hapo, nione."

Hakuruka.

Sikumkemea. Nilimsimulia habari za marehemu baba yangu, Yarrow, aliyekuwa mvuta maji katika kisima kirefu upande wa Takaba. Wanaume saba walisimama mmoja juu ya mwenzake kwenye vidato vya ukuta wa kisima, na ndoo ya ngozi ikapanda mkono kwa mkono hadi kwenye hori la ngamia. Baba alisimama chini kabisa, ndani ya maji, kwa sababu hakuna aliyemshinda nguvu. Mgongo wake ulipochoka, wakampandisha mdomoni mwa kisima awaimbie, ili mikono yote iende kwa mwendo mmoja. Siku ya kwanza akaona ndoo zinachelewa. Akashuka kwa hasira, akamsukuma mtu, akashika ndoo mwenyewe. Wimbo ukakatika. Ndoo zikagongana, maji yakawamwagikia waliokuwa chini, na ngamia wakalia kwa kiu. Mjomba wake akamwambia kutoka kidatoni, "Yarrow, mikono tunayo ya kutosha. Sauti tulikuwa nayo moja tu."

Abdimalik alinawa mikono. Aliichukua fomu, na jina lake likiwa bado kwenye namba kumi, akaenda kuipeleka.

Lakini kesho yake watu walishangaa. Aliwapeleka wachezaji kwenye ukingo wa Tana bila mpira, akawapanga mstari kutoka majini hadi kwenye shamba la mikunde la jamaa yetu, akawapa madebe ya maji. Yeyote aliposhika debe kwa muda mrefu kuliko pumzi moja, safu nzima ilirudia upya. Jirani yangu Rahmo alinijia akicheka: "Qali, mwanao amefungua timu au amefungua bustani?" Nikamwambia angoje Jumamosi, ingawa mimi mwenyewe niliingoja kwa hofu.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, tulisimama wanawake wa ngumbaru upande wetu, nyuma ya mstari wa chokaa. Vijana wa Rhamu walikuwa wamesafiri siku mbili juu ya lori, lakini walikimbia kana kwamba wamebebwa na mkondo wa mto, bila uchovu. Kabla ya mapumziko walikuwa wameshafunga bao moja. Abdimalik alisimama kando ya mstari akiwa amevaa daluga zake za chuo. Nilizijua. Mimi ndiye niliyezipaka mafuta mwaka mzima ili ngozi isipasuke, nikidhani ni kumbukumbu tu.

Kipindi cha pili kikaanza. Mzee Hirsi akapaza sauti, "Kijana, unangoja nini? Ingia! Wewe ndiwe timu!" Umati ukadakia: "Namba kumi! Namba kumi!" Abdimalik akapiga goti lake zima chini, akaanza kukaza kamba. Rahmo akanishika mkono. Ningeweza kupiga kelele. Niliuma ukingo wa shali yangu, kwa sababu mtu mzima hashushwi kisimani na mama yake, wala hapandishwi naye.

Wakati huohuo Deeq akaja mstarini akichechemea. Soli ya kiatu chake ilikuwa imebanduka na inaning'inia. "Mwalimu, niache nitoke," alisema. "Ingia wewe."

Mwanangu alimtazama usoni, akatazama uwanja, akautazama tena ule mguu. Kisha akafungua kamba alizokuwa ametoka kuzikaza. Akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akampa. "Vinakutosha," alisema. "Mpira usikae kwako zaidi ya pumzi moja. Debe, Deeq. Debe."

Akabaki peku juu ya mchanga ambao jua la Agosti lilikuwa limeuchoma tangu asubuhi, akaanza kupiga makofi na kuita, sauti nzito na ya mwendo mmoja: "Haya! Haya! Haya!" Mzee Hirsi alishika kichwa. Watu wakazomea. Lakini uwanjani mpira ulianza kupita, mguu kwa mguu, na hakuna aliyeukumbatia. Nilihesabu pasi tisa. Ya tisa ilikuwa ya Deeq, na aliyeipokea aliusukuma tu mpira wavuni, kama mtu amiminaye maji horini.

Mchezo uliisha bao moja kwa moja. Kombe lilikwenda kwa wengine, nami sitasema vinginevyo. Lakini hatukufungwa, na Mzee Hirsi alipokuja kumpa mwanangu mkono hakumwita tena kijana. "Mwalimu," alisema, "Jumatatu utawapeleka tena mtoni?"

"Jumatatu tutafika shambani," alijibu Abdimalik. "Mikunde bado haijashiba."

Deeq alitaka kumrudishia daluga. Abdimalik akakataa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, naye akikanyaga kwa ncha za vidole kama korongo. Nilimpa ndara zangu. Alizitazama, zilikuwa za rangi ya waridi, akatazama kundi la watu lililotufuata likiimba jina lake.

"Hooyo, watacheka."

"Wacheke," nilimwambia. "Vaa."

Akavaa. Mimi nikatembea peku nyuma yake, na sikuhisi joto.