Katiba ya Fotokopi

Niliposikia kwamba kodi mpya ya matumizi itagusa hata sare za shule, damu ilinichemka. Shangazi ni fundi cherehani. Sare hizohizo ndizo zilizonisomesha sheria. Alihofia bei ikipanda wazazi watamkimbia. Nikamwambia alale usingizi, kodi hiyo ni batili kikatiba.

"Una hakika, baba?"

"Shangazi, katiba nimeihifadhi."

Na kweli nilikuwa nimeihifadhi, ila kutoka kwenye fotokopi ya kibanda cha nje ya chuo, ambako mashine ilikuwa inakula mstari wa mwisho wa kila ukurasa. Tulicheka tu, maana bei ilikuwa rahisi. Ibara ya kodi iliishia chini kabisa ya ukurasa: Bunge laweza kutoza kodi ya mapato na ushuru wa forodha. Hapakuwa na nukta. Nikaiweka mwenyewe, kwa kalamu.

Wakili anayenifunza kazi aliniachia shauri la kuipinga kodi hiyo. "La shangazi yako, zungumza wewe."

Nikasimama mahakamani ndani ya joho alilonishonea Shangazi, nikanguruma: "Mheshimiwa Jaji, katiba imetaja kodi mbili. Hii ya tatu imetoka wapi?" Kisha nikatua, ili watu wapate kushangaa. Shangazi alipiga kofi moja, karani akamtolea macho.

Wakili wa serikali hakusimama hata sawasawa. "Mwenzangu aendelee kusoma."

"Nimemaliza."

Jaji akafungua katiba yake. "'Na ushuru wa forodha, pamoja na kodi ya matumizi.'" Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, yako imechapwa wapi?"

Niliomba ardhi ipasuke. Ikakataa. Shauri likatupwa kabla ya chai.

Njiani nilimweleza Shangazi habari za ile mashine. Dukani alinipa kipande cha boksi niandike bei mpya, kodi ikiwemo. Mama mmoja akaingia, akasoma akichungulia begani kwangu, akaguna, akageukia mlango. Akasimama. Mwishowe akamsukuma mwanawe mbele apimwe.

Shangazi akashusha pumzi, akavua futi shingoni.

"Panda juu kidogo, Mheshimiwa," akaniambia. "Acha nafasi huko chini, isije ikaliwa tena."