Sauti ya Iliasi ndani ya mashine

Siku Iliasi alipokufa, pikipiki mbili ziliingia uani kwangu kabla ya adhuhuri. Ya kwanza ilimleta yeye, amefunikwa shuka. Ya pili ilimleta Soraya, mke wake wa Salamabila, amepakata kompyuta ya Iliasi iliyofungwa ndani ya kitenge. Homa ilimzidi njiani, walipofika Wamaza. Mimi nilikuwa nimemchemshia maji ya kuoga. Soraya ndiye aliyemshika kichwa.

Tulimzika alasiri ile ile. Wakubwa wa ukoo wakaamua tukae eda pamoja, hapa kwangu Kasongo, kwa kuwa njia ya kurudi haikuwa nzuri. Tukawa tunalala chumba kimoja, wake wawili wa mtu asiyekuwepo, nguo zetu za msiba zikianikwa kwenye kamba moja.

Iliasi alikuwa akipiga video za harusi na maulidi, na zote alizihifadhi ndani ya kompyuta ile. Kule Salamabila aliwachapia watu barua pia, Soraya akimsaidia. Mimi nililima. Kompyuta niliijua kama mtu anavyomjua mgeni wa mume wake: niliipisha, niliifuta vumbi.

Tulipoiwasha, ningeweza kusonga bugali na kuiepua kabla picha ya kwanza haijatokea. Kisha mshale ukagoma katikati ya kioo.

"Ilianza hivi mbele ya ugonjwa wake, angali muzima," Soraya akasema. "Yaya, tumwite fundi." Yaya, dada mkubwa, ndivyo alivyoniita.

Mwanamke wa eda haonani na mwanaume wa nje. Kwa hiyo Gaston, fundi wa sokoni, aliketi barazani, sisi tukabaki ndani, pazia la mlango katikati. Mama mkwe, ambaye masikio yake yamechoka, alikaa kizingitini awe shahidi.

"Mama zangu, siwaoni, musiogope," Gaston akasema. "Naona mashini tu, na yenyewe iko mugonjwa kweli."

"Iko na nini?" nikauliza.

"Bado sijajua. Inataka neno la siri kwanza."

Soraya akalitamka, herufi na tarakimu, mbio mbio kama mtu anayesoma Fatiha. Nikamtazama. Akainamisha macho.

"Nilikuwa naifungua kila siku, yaya."

"Sijakuuliza."

Tulimsikia Gaston akibonyeza, akinung'unika peke yake. Hakukuta virusi. Mashine haikuwa imejaa, na disiki ilikuwa nzima.

"Nimeona," akasema mwishowe. "Mafaili ya sisteme yameharibika, yale ambayo mashini yote inasimama juu yao. Ni nyumba ya nguzo zilizoliwa na mchwa, mabati bado yanang'aa. Na batri yake ya ndani ilishakufa; nani alikuwa anaizima kwa kung'oa waya?"

"Akisikia adhana," nikasema.

"Akisikia adhana," Soraya akasema, karibu pamoja nami. "Anang'oa, anakwenda kutawadha. Namwambia azime vizuri. Ananijibu, Mungu hamungojei mutu afunge madirisha."

Maneno yale yale. Siku zote nilidhani ni ya nyumba hii, aliyaunda kwa ajili yangu nikiwa nimesimama na birika. Kumbe alisafiri nayo, akiyatumia huku na kule kama mswaki. Wivu wa msiba ni mbaya kuliko wa ndoa, maana hakuna wa kumwuliza.

Gaston aliiamrisha mashine ijichunguze, itafute mafaili mabovu na kuyatengeneza. Tulingoja mpaka chai ikapoa.

"Imeyaona yote, imetengeneza machache," akasema. "Mengine haina kopi nzima ya kuyarudishia. Njia fupi ni kufuta kila kitu, niweke sisteme mupya. Itakimbia."

"Na video?" nikauliza.

"Zinakwenda na maji. Sina flashi ya kuzibeba zote."

"Futa," Soraya akasema.

"Usifute," nikasema.

"Mama zangu, mumoja aseme. Jua linashuka, na batri hii ya sola inakula jua."

Soraya akanigeukia. "Yaya, wewe iko na shamba. Mimi niko na watoto kule Salamabila, na meza ya kuchapia. Mashini isipotembea, nitawapa nini? Harusi za watu zitatusaidia nini?"

"Mna sauti yake mle."

"Sauti?"

"Wewe unayo. Akija huku alikuwa anakutumia sauti kwenye simu yako kubwa. Nakusikia ukizisikiliza chini ya shuka. Mimi nilikuwa naye karibu, na akiwa kwako alinipigia tu, tukaongea, ikakatika. Hakuniachia hata neno moja."

Mama mkwe aliinua kichwa. Hakusikia kitu, lakini aliziona nyuso zetu. "Munagombania chumvi?" akauliza. "Iko kwenye kopo."

Soraya alivuta uzi kwenye ukingo wa shuka, akauvuta mpaka ukakatika.

"Gaston," akasema, "hakuna njia ndefu?"

"Iko. Natafuta mashini yenye sisteme kama hii, nachukua mafaili mazima, napandikiza humu. Siahidi."

"Fanya hiyo."

Nilitaka kumshukuru. Ulimi ukakataa, kwa sababu hata sauti ya mume wangu ilibidi niipate kwa ruhusa yake.

Kesho yake Gaston alirudi na mafaili aliyoyapata kwenye mashine ya shule moja. Aliyaingiza, akaiamrisha ijirekebishe tena, akaizima kwa utaratibu, akaiwasha. Mara hii hatukungoja. Akaisukuma chini ya pazia pamoja na waya wake, Soraya akafungua video ya kwanza aliyoikuta, harusi ya Nyangwe.

Iliasi hakuonekana, maana yeye ndiye aliyeshika kamera. Lakini alisikika karibu sana: "Bibi arusi, inua kidevu. Hivyo hivyo, mama. Usicheke kwanza, utaniharibia uzuri wako." Msichana akacheka hata hivyo, na yeye akacheka naye, kicheko kirefu, cha chini.

"Rudisha," nikasema.

Soraya akarudisha.

"Tena."

Nilimkodolea macho yule msichana mwenye hina mpaka viwikoni, nisiyejua hata jina lake, nikamchukia kwa uzuri aliosifiwa.

"Mimi hakuniambia hivyo," Soraya akasema. Alikuwa analia.

"Hata siku ya harusi yenu?"

"Hata siku hiyo. Wewe je?"

"Hata mimi."

"Huyu mutoto wa Nyangwe," akasema, akijifuta pua kwa kanga, "ametuzidi wote wawili."

Akairudisha mwenyewe, bila mimi kuomba.

Baadaye Gaston alizitoa sauti za video zile, akaziweka kwenye kadi inayoingia simu yangu ndogo. Mashine yenyewe nimemwachia Soraya, mbele ya wakubwa. Eda yetu inaisha mwezi ujao. Yeye ataibeba kwenda Salamabila kuwachapia watu barua, na mimi nitapanda karanga.